Mizani Nyuma ya Mkeka

Vijana wangu, nyinyi mnaovaa koti jeupe na kupita hapa Nchelenge mkiwa na kalamu tatu mfukoni, kaeni kidogo. Nilifanya kazi ya dresa kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu. Dresa ni yule mtu wa zahanati aliyefunga vidonda, akapiga sindano, akagawa vidonge, na daktari asipokuwepo, yaani karibu siku zote, yeye ndiye akawa daktari. Watu hupenda niwasimulie wale niliowaponya. Hao watajisimulia wenyewe, midomo wanayo. Mimi leo nawasimulia mtu niliyemuua kwa kumpongeza.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Waingereza walitawala upande huu wa ziwa, Wabelgiji upande ule, na samaki walipita katikati bila kumwomba mtu ruhusa. Zahanati yetu ilikuwa na vyumba viwili na bati lililovuja. Nyinyi mnadhani kinachowasumbua watu wa ziwani ni kuzama. Uongo. Ni mgongo na magoti. Wanaume migongo, kwa kuvuta nyavu. Wanawake magoti, kwa kuchuchumaa mbele ya moshi wa kukaushia samaki tangu wakiwa wasichana. Maumivu ya namna hiyo hayaui wala hayaondoki. Mtu anayazoea mpaka anasahau kuyataja, na hapo ndipo kazi yenu inapokuwa ngumu.

Mwaka wangu wa kwanza nilimwambia mvuvi mmoja wa Kisiwa cha Kilwa alale chali wiki nzima, apumzishe mgongo. Akanitazama kwa huruma, mgonjwa nikawa mimi.

"Mi nipumuzike," akasema, "na samaki itakuya kwangu kwa miguu?"

Akachukua kofia yake, akarudi kwenye mtumbwi. Nilijifunza siku hiyo kwamba shauri lisilolingana na maisha ya mtu ni matusi tu, hata ukilitoa kwa upole.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Ba Lazaro, dresa mzee wa Mununga, mfupi, mkali, mwenye vidole vilivyonuka dawa hata akiwa kanisani. Alinipiga kofi mara moja tu, siku nilipompa mgonjwa dawa ya kulainisha choo kabla ya kumuuliza swali lolote, kumbe tayari alikuwa anaharisha siku tatu.

"Mutu akiingia," akaniambia, "umuulize choo yake mbele ya kumuuliza jina. Jina inaweza kudanganya. Choo haidanganye."

Tulicheka wote, na mgonjwa naye akacheka alipopata nguvu. Nililishika neno lile. Nilimuuliza choo chifu, nilimuuliza choo mchungaji, nilimuuliza choo karani wa boma aliyekuja kwangu na tai shingoni. Niliwauliza wagonjwa wangu wote, isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja alikuwa mama mkwe wangu.

Watu walimwita Bana Elena, yaani mama yake Elena, na Elena ndiye mke wangu. Mama huyo alizaliwa ng'ambo, upande wa Kongo, ndiyo maana nyumbani kwao Kiswahili kilisemwa zaidi ya Kibemba. Alikuwa mjane. Alinunua samaki wabichi ufukoni, akawakausha kwa moshi, akawauza kwa wachuuzi waliovuka ziwa. Kwa kazi ile alilisha wadogo watatu wa Elena na mama yake mwenyewe aliyekuwa kipofu. Siku magoti yake yangemkatalia kabisa kuchuchumaa penye moshi, nyumba ile ingelala njaa.

Sasa, kwa desturi yetu, mkwe mwanamume hamtazami mama mkwe. Ukimwona anakuja njiani, unaingia majanini mpaka apite. Huli mbele yake, humtaji jina, husemi naye ila kupitia mkeo. Inaendelea hivyo mpaka siku ndugu za mke wakuingize. Siku hiyo wanapika kila aina ya chakula cha nyumba yao, wanakuita ndani, wanafunua vyungu mbele yako, wanakulisha, na kuanzia hapo unakuwa mtoto wa pale. Mimi nilikuwa nimeoa miaka minne, tayari tuna mtoto, Mwila, na bado sijaingizwa. Ndugu zao walikuwa ng'ambo, na kila mara siku ilipopangwa, ama kulitokea msiba ama samaki walifurika. Basi mama mkwe wangu nilimjua kama umbo la mbali: mwanamke mkubwa sana, anatembea polepole na fimbo, na mimi nimeinama nyuma ya kichaka. Msicheke. Heshima ile ilikuwa nzuri, na hata leo siitukani.

Daktari Mzungu alipita kwetu kila baada ya miezi kadhaa. Elena akampeleka mama yake. Yule mama alipandisha kitenge hadi magotini, zaidi ya hapo akakataa. Daktari akaminya, akakunja, akakunjua, kisha akasema magoti yamechakaa, hayatarudi kuwa mapya, ila yanabebeshwa mno. Apungue kutoka ratili mia mbili kumi na mbili hadi mia moja sitini, maumivu yatakuwa ya kuvumilika. Akaniachia karatasi ya vyakula: machungwa, mayai, nyama isiyo na mafuta, maziwa mabichi. Maziwa, Nchelenge! Ng'ombe aliyekuwa karibu nasi kuliko wote alikuwa kwenye picha ya kopo.

Nilikunja ile karatasi, nikatunga yangu. Na nawaambieni, yale niliyotunga yalikuwa sahihi, na yalikuwa ya bure. Wapeni wagonjwa wenu hata kesho. Bwali, ule ugali wa muhogo, ushuke kutoka matonge mawili hadi tonge la ngumi yake mwenyewe, na liliwe mwisho, samaki na majani yakiwa yametangulia. Majani ya muhogo yapikwe bila karanga. Samaki achemshwe, mafuta ya mawese yabaki kwenye chupa. Munkoyo, kile kinywaji kitamu cha mizizi, kiwe cha Jumapili tu. Kila asubuhi aingie ziwani mpaka kiunoni, ndani ya ule uzio wa miti ambao wanawake waliusimika kwa ajili ya mamba, atembee huku na huku. Maji humbebea mtu uzito wake, goti linafanya kazi bila kulia. Akitoka, mchanga uliopashwa moto ufungwe kitambaani, uwekwe juu ya goti mpaka upoe. Maumivu yakizidi, aspirini.

Mizani hatukuwa nayo zahanati, ya watoto wachanga tu. Nikaazima ile ya samaki, ya kuning'iniza, nikaitundika kwenye boriti ya banda lao la moshi, chini yake ubao wa kukalia. Katikati tukasimamisha mkeka wa matete. Mimi upande huu na karatasi yangu, yeye upande ule, na Elena, niliyemfundisha kusoma mshale, akiita namba kwa sauti.

"Mia mbili na kumi na mbili!"

Wanawake wa mabanda ya jirani wakapasuka kwa kicheko. Mmoja akauliza kama mama anauzwa mukavu au mubichi. Nikasikia nyuma ya mkeka sauti nzito, ya kucheka pia: "Mwambie mukavu bado. Arudi kisha moshi."

Ndivyo alivyokuwa. Mtu aliyeumwa kila siku ya maisha yake na bado akawa na mzaha wa kumgawia jirani.

Mwezi wa kwanza akashuka ratili saba. Wa pili, tisa. Mimi nilichora mstari nyuma ya boksi la dawa, unateremka vizuri kama njia ya kwenda majini, nikaubandika ukutani zahanati. Wagonjwa wengine wakauliza, nikajisifu. Kila nilipopima nilituma neno kupitia Elena: Mwambie mama anafanya vizuri. Mwambie mama aendelee hivyo hivyo. Elena akaniletea jibu kwamba sasa anainuka penye moshi kwa kuvutwa na mtu mmoja, si wawili. Kisha, bila kuvutwa. Nilifurahi, siwafichi. Nilikuwa kijana, nimepata kitu ambacho Mzungu hakukipata kwa karatasi yake ya machungwa.

Majirani wakaanza kusema. Kwetu mtu akikonda, basi kuna mtu anamla: ama mchawi, ama mkwe bahili. Wakasema dresa wa Nchelenge anamnyima mama mkwe chakula kwa kusingizia magoti. Elena alilia. Mama yake hakulia. Akaanza kujifunga vitenge vitatu, kimoja juu ya kingine, na shuka chini yake, kila alipotoka nje, ili jina langu lisichafuke. Kwa hiyo, kwa mbali, nikiwa majanini nimeinama, niliendelea kuona umbo lile lile kubwa likipita. Fimbo tu ndiyo haikuwepo tena.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipofanya ujinga wangu.

"BaShiMwila," Elena akaniambia jioni moja. Hivyo ndivyo mke anavyomwita mumewe kwetu, baba yake fulani. "Mama hamalize hata ile kidogo unamukatia."

"Njo vizuri," nikajibu, yaani ndivyo vizuri. "Tumbo inazoea."

"Anasema akikula mara mbili tu, amejaa."

"Njo vizuri sana."

"Na mugongo inamuuma. Hapa, nyuma ya tumbo."

Nani asiyeumwa mgongo ziwani? Nikaongeza aspirini. Vidonge viwili asubuhi, viwili jioni, tumboni ambamo hamkuwa na kitu. Mtu mwenye maumivu ya zamani, maumivu mapya yakija yanaingia humo humo na kujificha, na sisi tunayapokea kwa jina la yale ya kwanza. Ningekuwa nimeuliza swali moja tu la Ba Lazaro, ningejua. Lakini mkwe amuulize mama mkwe habari za choo? Hata kumtuma mke wangu na swali lile ningekufa kwa aibu, na yeye angekufa kabla ya kulifikisha. Watu wanasema mficha uchi hazai. Sisi tulificha wote watatu, kila mmoja kwa kumheshimu mwenzake.

Daktari alirudi, akaona mstari wangu ukutani. Akanishika mkono mbele ya watu, akasema angependa madresa wote wafanye hivi. Mama mkwe hakuletwa siku ile. Alikuwa na samaki wengi wa kukausha, na namba zilionekana nzuri, wa nini kumsumbua? Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Akafika mia moja sitini. Nikatuma neno: Basi, imetosha, sasa aongeze bwali. Wiki mbili baadaye Elena akaita nyuma ya mkeka: "Mia moja na makumi tano na moja." Hakuna aliyecheka mabandani. Nikatuma neno, aongeze na karanga. Kisha ikawa mia moja arobaini. Mnajua nilifanya nini, mimi dresa mwenye sifa? Nikasema mizani imeharibika. Nikasema chumvi na moshi vimekula springi. Niliishusha, nikaipangusa, nikaipaka mafuta. Mara iliyofuata ikasema mia moja thelathini na mbili, nikaitukana.

Dukani kulikuwa na gunia la chumvi lenye uzito ulioandikwa. Nikaliazima, nikalitundika. Mshale ukakaa palepale panapotakiwa. Nikalishusha, nikalitundika tena. Nilisimama katika lile banda, nimekumbatia gunia la chumvi, na nikaogopa vile sijawahi kuogopa mbele ya kidonda wala damu.

Nilimwambia Elena nataka kumwona mama yake, kwa macho, leo. Akanitazama kama nimetukana.

"Hujaingizwa," akasema.

"Basi aende Mununga, Ba Lazaro amuone."

Akaenda kumwambia, akarudi na jibu. Mama alisema hawezi kwenda kumvulia nguo mwanamume mgeni, wakati mkwe wake ni munganga. Angewaita ndugu zake wa ng'ambo, wamwingize mkwe, na mkwe amtazame mwenyewe, bila mtu yeyote kuvunja mwiko. Wiki tatu zilipita kwa kungoja mitumbwi yao. Nilikuwa na miguu, nilijua njia ya nyumba ile, na kuanzia kwangu mpaka kwake haikuwa hata nusu maili. Sikwenda. Kama kuna kitu mtanicheka nikifa, nichekeni hicho.

Alikufa kabla ya mvua kuanza. Nawaambia sasa ili msikae mkitumaini. Daktari alikuja, akaminya, akatoka nje, akasema ni uvimbe wa tumbo wa siku nyingi, na kwamba hata angeonekana mapema huenda isingesaidia. Neno hilo "huenda" nimeishi nalo mpaka leo, halinipi usingizi wala halinitoi kitandani. Lakini hasa ninachotaka mkijue ni siku ile ya kuingizwa.

Walikuja watu wengi. Nilivaa suruali ya kanisani. Wakaniongoza ndani, macho chini kama ilivyo desturi, mpaka mjomba wao akasema: "Inua macho, uone mama yako." Nikainua. Wanawake wawili walikuwa wamekaa kwenye mkeka. Mmoja mnene, uso wa duara, amejaa vizuri. Mwingine bibi kizee, mifupa ya mashavu imetokeza, kitenge kimemzidi. Nikapiga magoti mbele ya yule mnene, nikampigia makofi ya heshima, nikamwita mama.

Yule mnene akaziba mdomo kwa kitenge.

"Mukwe," ikasema ile sauti nzito niliyoijua kutoka nyuma ya mkeka, ikitoka kwa yule mkondefu, "uko nasalimia dada yangu. Mama yako ni miye."

Akacheka, ili watu wapate ruhusa ya kucheka. Wakacheka. Nikageuka kwa magoti, nikampigia makofi. Alikuwa na miaka kama arobaini na mitano.

Vyungu vikafunuliwa. Yeye ndiye aliyepika vyote, tangu alfajiri, akichuchumaa. Nikalishwa, nikameza. Mjomba akasema sasa mimi ni mtoto wa nyumba, na hapo nikaomba nimtazame mama chumba cha ndani, Elena akiwepo. Akalala. Akafunua tumbo mwenyewe. Nikaweka mkono chini ya mbavu, na mkono wangu ukakutana na kitu kigumu, chenye vinundu, kikubwa kuliko ngumi ya Mwila, kisichosogea.

"Choo iko namna gani, mama?" nikauliza. Mwisho nikauliza.

Elena ndiye aliyejibu, ameinamisha kichwa: "Meusi. Sawa makaa. Tangu wakati wa jua kali." Weusi huo, nyinyi mnajua, ni damu inayovuja tumboni.

"Na hukuniambia?"

"Ningesema namna gani, BaShiMwila? Kwa mulango gani?"

Mama alikuwa akinitazama usoni, karibu, kwa mara ya kwanza katika miaka minne. Sikujua alikuwa na macho maangavu vile.

"Unapata nini?" akauliza, mkono wangu ungali tumboni mwake.

"Napata kintu, mama. Nitaita munganga."

"Sikukuuliza munganga." Akangoja. Nikatazama mkeka. Akanipapasa mkono mara mbili, ule ule uliokuwa tumboni mwake, akashusha kitenge.

Kisha akainuka. Kutoka chini, kwenye mkeka, bila ukuta, bila mkono wa mtu. Akatoka mbele ya wageni, mimi na Elena tukimfuata, akasimama wima katikati ya vyungu. Ndugu zake wa ng'ambo walikuwa hawajamwona akisimama hivyo miaka mingi. Akawaambia kwamba watu wa Nchelenge wanasema mkwe wake anamnyima chakula, na kwamba wao wapeleke habari ya kweli huko kwao.

"Muangalie magulu yangu," akasema, akiigonga miguu yake. "Mbele, batu babili balinivuta. Leo niko nasimama miye peke. Huyu mukwe njo aliniponesha. Mumupigie makofi."

Wakapiga. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka majirani wakaja mlangoni kutazama. Mjomba alinigeukia, akangoja, maana mtu akisifiwa kwetu na yeye hupiga makofi, la sivyo amemdharau aliyemsifu. Mama naye alikuwa amenikazia macho, anangoja.

Nikapiga makofi.